Je, wajua kwa nini anayeanza Zen hufundishwa kukaa kabla ya kufundishwa kutuliza akili?

Mtu anayekwenda hekalu la Zen, tawi la dini ya Buddha linalosisitiza tafakuri, kwa mara ya kwanza akitafuta utulivu wa mawazo huenda akashangaa kuona kwamba somo la mwanzo linahusu magoti, nyonga, uti wa mgongo na vidole gumba, huku akili yenyewe ikitajwa kidogo sana. Mpangilio huo una historia ndefu. Mwaka 1223 Dogen, mtawa kijana wa Kijapani, alisafiri hadi China kutafuta mafundisho, akarejea kwao mwaka 1227. Katika mwongozo wake mfupi wa zazen, yaani tafakuri ya kukaa, alieleza jinsi ya kutandika, kukunja miguu na kuweka mikono, na akaagiza masikio yawe sambamba na mabega, na pua iwe mstari mmoja na kitovu. Kwake yeye, kukaa hivyo hakukuwa matayarisho ya kuufikia mwamko wa kiroho. Kukaa kwenyewe ndiko kuutenda mwamko huo. Dhehebu la Soto, alilolianzisha Japani, linashikilia msimamo huo hadi leo.

Mwili nao una sababu zake. Mkaaji hutumia mto mgumu wa mviringo uitwao zafu, ambao huinua nyonga juu kuliko magoti, hivyo magoti hushuka hadi chini na uzito wa mwili ukabebwa na sehemu tatu: makalio na magoti yote mawili. Asipopata kimo hicho, nyonga hulala nyuma, mgongo hupinda, tumbo hubanwa na pumzi hufupika, na baada ya muda mfupi hana analolifikiria ila maumivu. Si lazima kuweka kila mguu juu ya paja la upande wa pili. Aliyezoea kukaa tahiyatu atauona mkao wa kupiga magoti kuwa mwepesi, na kiti pia kinafaa, mradi nyayo zote zikanyage sakafu na mgongo usiegemee. Ganzi ni jambo la kawaida, lakini maumivu makali ya goti ni onyo, na ni kosa kubwa kuyavumilia kwa kudhani kwamba huo ndio ushujaa.

Macho hayafumbwi. Huachwa nusu wazi, yakitazama chini kiasi cha mita moja mbele, kwa sababu kuyafumba hukaribisha usingizi na ndoto za mchana. Wafuasi wa Soto huelekea ukutani, ilhali wale wa Rinzai, dhehebu jingine la Zen, huelekea katikati ya chumba. Mkono wa kushoto huwekwa juu ya wa kulia, viganja vikielekea juu, na ncha za vidole gumba zigusane kidogo tu. Napenda sana hekima ya jambo hili dogo: vidole vikilegea na kuanguka, mtu anasinzia, vikisukumana, amejikaza. Mikono humfichulia hali ya akili yake kabla yeye mwenyewe hajaitambua.

Baada ya hapo ndipo pumzi huingia. Anayeanza huvuta na kutoa pumzi kwa pua bila kuilazimisha, akihesabu kimoyomoyo kila anapoitoa, kuanzia moja hadi kumi, kisha anarudi moja. Kikomo hicho kifupi kina maana, kwani ajikutaye amefika kumi na tano hujua papo hapo kwamba ulimi wa moyoni ulikuwa ukihesabu na yeye hayupo. Hapo hana haja ya kujilaumu; anarudi moja, na kurudi huko ndiko kazi yenyewe.

Hekaluni kikao huchukua takriban dakika 40, muda uliokuwa ukipimwa kwa kijiti cha udi kinapoteketea. Nyumbani dakika 10 kila siku, saa ileile, zinamfaa mgeni kuliko saa nzima mara moja kwa wiki. Anapomaliza, ayumbishe kiwiliwili polepole kushoto na kulia, anyooshe miguu, na asisimame mpaka ganzi iishe.