Ukuta Unaotunza Joto la Jua: Ushauri kwa Wajenzi wa Nyanda za Juu Kusini

Kati ya Juni na Agosti, wakazi wa Mbeya, Iringa, Njombe na Makete hupata jua la kutosha mchana na baridi kali usiku, kwa sababu anga lisilo na mawingu huacha joto la ardhi lipotee upesi. Wengi huingiza jiko la mkaa chumbani, jambo la hatari sana, kwani mkaa hutoa kaboni monoksaidi, hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Lakini joto la mchana lenyewe linaweza kutunzwa ukutani hadi usiku.

Ukuta wa namna hii ulipewa hataza nchini Marekani mwaka 1881 kwa jina la Edward Morse, kisha ukapata umaarufu miaka ya 1960 kutokana na nyumba za Odeillo, Ufaransa, zilizobuniwa na mhandisi Félix Trombe na msanifu majengo Jacques Michel. Ni ukuta mzito wa tofali, mawe au zege, wenye unene wa sentimita 20 hadi 40, uliopakwa rangi nyeusi kwa nje na kufunikwa kwa kioo kilichoachiwa nafasi ya sentimita kadhaa. Mwanga hupenya kioo, ukuta hufyonza joto, na kioo hulizuia lisitoroke. Zege la sentimita 30 hulipitisha kwa takriban saa 8, hivyo joto la saa 7 mchana huwafikia waliomo chumbani yapata saa 3 usiku, wakati hasa wanapolihitaji.

Fundi wetu asinakili michoro ya Ulaya bila kuigeuza. Kule ukuta huo hutazama kusini. Huku sharti utazame kaskazini, kwa kuwa mwezi Juni jua la adhuhuri hutupitia upande wa kaskazini, likiwa nyuzi 58 hivi juu ya upeo wa macho pale Mbeya. Kufikia katikati ya Oktoba jua hupita utosini, na Desemba huwa limehamia kusini, kwa hiyo ukuta wa kaskazini hukosa jua la moja kwa moja katika miezi ambayo hakuna anayetaka joto la ziada. Ukuta wa mashariki au magharibi hauna bahati hiyo, maana huchomwa na jua mwaka mzima.

Upana wa paa nao upimwe. Paa likitokeza sentimita 60 nje ya ukuta, adhuhuri ya Juni kivuli chake hushuka karibu mita 1, na kioo kilichowekwa ndani ya kivuli hicho ni fedha iliyopotea. Ni heri kukianzishia chini zaidi.

Baadhi ya wajenzi huweka matundu juu na chini ya ukuta ili hewa iliyopata moto iingie chumbani mchana. Matundu hayo yawe na vifuniko vinavyofungwa jioni, la sivyo mzunguko hugeuka na hewa ya chumbani hupoa kwenye kioo. Na kwa mwenye nyumba ya bati isiyo na dari, ushauri wetu ni kwamba fedha za kioo zipige dari kwanza, kwa sababu joto lolote litakaloingia litapanda na kutokea kwenye bati kabla ya usiku wa manane.