Kabla ya kuuliza uko leveli gani, pima meza kwanza

Jumanne moja mwezi uliopita nilikuwa mtaa wa Umoja, Nairobi, nimepiga magoti kando ya meza ya pool niliyoibadilishia kitambaa asubuhi hiyo. Kijana mmoja ambaye wenzake humwita Profesa alikuwa amesimama pembeni na fimbo yake mwenyewe, ile ya kuunganishwa vipande viwili, akinisubiri nimalize. Akaniuliza, "Fundi, wewe umeona watu wengi. Mimi niko leveli gani?"

"Leveli ninayoijua ni hii," nikamwonyesha pimamaji.

Hakucheka. Alitaka jibu, na si yeye peke yake. Swali hilo naulizwa karibu kila wiki, mara nyingi na mtu aliyetoka kuingiza mpira mgumu na ana hakika nimemwona.

Nina miaka kumi na minne katika kazi hii, kutoka Kayole hadi Kawangware: vitambaa, raba za kingo, kusawazisha sleti (lile bamba la jiwe lililo chini ya kitambaa), kuchokonoa sarafu zilizokwama. Jioni nafundisha watu wachache kucheza. Ufundi umenionyesha jambo ambalo huenda ningelikosa kama ningekuwa mwalimu tu: sehemu kubwa ya kile watu wanachokiita kipaji chao ni meza.

Nitoe aibu yangu kwanza. Kabla sijawa fundi nilikuwa mfalme wa baa moja kule Huruma. Nilikuwa na pigo langu moja ambalo watu walikuwa wakiliita kwa jina langu. Mpira ukiwa umekaribia ukingo wa kushoto, naugusa kidogo tu, unatambaa wenyewe hadi shimo la kona kama mbuzi anayerudi zizini. Siku moja marafiki wakanipeleka South C nikacheze na watu wa huko, wa kwanza kufikisha michezo mitano. Nilichapwa 5-0. Lile pigo langu nililijaribu mara nne, na mara zote nne mpira ukafika karibu na shimo, ukaupita mdomo wake na kugonga ukingo. Nilisema nimelogwa. Miaka baadaye, nilipopata pimamaji yangu ya kwanza, nilirudi Huruma nikailaza juu ya ile meza. Sleti ilikuwa imelalia kona ile ile. Mcheza kwao hutuzwa, sikatai, lakini mimi nilikuwa nikituzwa na mguu wa meza uliozama sakafuni.

Kuinama kwa meza si kitu pekee. Meza nyingi za sarafu mtaani ni za futi 7, na katika baadhi yake mpira mweupe, ule unaopigwa kwa fimbo, ni mdogo kuliko mingine: milimita 47.6 kwa 50.8. Hilo lilifanywa makusudi, ili mashine ya ndani iweze kuuchuja mweupe na kuurudisha unapodumbukia, huku mingine ikifungiwa hadi uweke sarafu nyingine. Tofauti unaiona ndogo, lakini ukipiga hesabu ya ujazo, mweupe huo ni mwepesi kwa karibu asilimia 18, ikiwa plastiki ni ile ile. Mpira mwepesi hurudi nyuma kwa urahisi ukiupiga chini, na hukataa kufuata mbele ukiupiga juu. Kwa hiyo yule jamaa anayejisifu kwamba mweupe wake hurudi hadi kaunta, mpeleke kwenye meza kubwa ya Kimarekani yenye mipira ya milimita 57.15, yote ya ukubwa mmoja. Utamwona akiitazama fimbo yake kama imemsaliti.

Halafu mashimo. Wenye baa zaidi ya mmoja wameniomba niyalegeze kidogo, kwa sababu mchezo ukiisha upesi sarafu inayofuata inaingia upesi. Mteja anaondoka akidhani ameimarika tangu Krismasi. Mwezi wa Julai nao, baridi ya Nairobi inapokaa kwenye kitambaa kikuukuu, meza huwa nzito na mapigo ya nguvu ndogo hufia njiani, basi watu wale wale wananipigia simu wakidai meza imeharibika.

Ndiyo maana nasema usijipime kwa meza yako pekee. Na usijipime kwa utaratibu wetu wa mshindi kubaki mezani, ambao naupenda kwa burudani lakini kwa kupima ni hasara tupu. Unaweka shilingi 20 yako ukingoni, unangoja zamu, unacheza mchezo mmoja na mtu aliyekwisha kupasha mkono kwa saa nzima, unashindwa, unarudi kukaa. Au wewe ndiye unayekaa mezani, na kufikia saa nne usiku wapinzani wako wako chupa ya sita. Ukishinda michezo minane mfululizo hapo, umeshinda bia.

Sasa nampimaje mtu? Siangalii mipira anayoingiza. Naangalia akikosa mweupe unabaki wapi. Anayeanza hukosa na kumwachia mpinzani meza wazi. Wa kati hukosa, na mara nyingine mweupe unajificha nyuma ya kitu, naye anatabasamu kama alikusudia. Hiyo ni bahati ya mtende. Mchezaji wa kweli, anapokutana na mpira wa kubahatisha, huwa ameshaamua kabla hajainama kwamba ukikataa kuingia, mwenzake hatapata kitu. Kaa kwenye kiti, chukua kalamu, mhesabie mtu makosa kumi tu ya namna hiyo. Utamjua vizuri kuliko ukitazama mapigo yake mia moja ya mbwembwe.

Kuna hesabu moja ninayoipenda kwa sababu inawanyamazisha watu. Katika pool ya mipira minane unahitaji kuingiza saba yako kisha mweusi, yaani mapigo manane bila kosa ukitaka kumaliza mchezo kwa zamu moja. Tuseme kila pigo una uwezekano wa asilimia 70. Zizidishe 0.7 nane zenyewe kwa zenyewe: unapata chini ya asilimia 6. Kwa asilimia 80 ni kama 17. Kwa 90 ni 43. Anayepata saba kwa kumi na anayepata tisa kwa kumi ukiwatazama kwa dakika tano huoni tofauti, lakini wa pili atamaliza mchezo kwa zamu moja zaidi ya mara saba kuliko wa kwanza. Na huyu wa pili hana jicho kali kuliko la mwenzake. Amejipangia mapigo rahisi. Mweupe wake daima uko karibu, daima uko pembe nzuri, na wewe unabaki kulalamika kwamba yeye hupata mipira ya bure.

Kwa hiyo mtihani wangu wa kwanza ni karatasi ya daftari. Ilaze mezani mahali unaposema mweupe utasimama, halafu piga. Mpira uingie na mweupe uguse karatasi, vyote viwili. Kimoja tu ni sifuri. Rudia mara kumi. Anza na pigo la kusimamisha, yaani mweupe usimame pale pale unapomgonga mwenzake, mipira ikiwa imenyooka na shimo na umbali kati yake ni futi moja. Karibu kila mtu anaweza. Sasa sogeza mweupe nyuma hadi futi nne. Hapo ndipo wajuzi wa mtaa wanapoanza kuikunja karatasi yangu, kwa sababu mweupe hausimami tena, unafuata mbele na wakati mwingine unadumbukia nyuma ya mwenzake. Kinachotokea ni kwamba ule mzunguko wa kurudi nyuma ulioupa huliwa na kitambaa njiani, na unapofika umeshaanza kuviringika. Ni lazima upige chini zaidi, au kwa nguvu zaidi, na ujue ni kiasi gani kwa kila umbali. Mtu anayesimamisha mweupe futi nne mara saba kwa kumi simuulizi maswali mengi. Kwa mpira unaoviringika wa kawaida, shika hili: ukigonga mwenzake takriban nusu kwa nusu, yaani ukilenga ili ufunike nusu yake, mweupe hupinda karibu digrii 30 kutoka njia yake, iwe umepiga pole au kwa nguvu ya wastani. Ukilielewa hilo karatasi utajua pa kuiweka.

Mtihani wa pili ni kucheza na mzimu. (Mama yangu hapendi nilitaje neno hilo nikiwa nyumbani kwake, lakini wachezaji wa nchi za nje huuita hivyo na sijapata jina bora.) Unatawanya mipira mitatu mezani, unaushika mweupe mkononi na kuuweka popote unapotaka, kisha unatakiwa kuimaliza yote mitatu kwa mpangilio uliouchagua mapema. Ukimaliza, pointi yako. Ukikosa mara moja tu, pointi ya mzimu, kwa sababu mzimu haukosi kamwe. Cheza raundi kumi. Ukishinda sita au zaidi, ongeza uwe mipira minne, kisha mitano. Idadi ambayo wewe na mzimu mnatoka sare ndiyo leveli yako, na haibembelezi mtu. Anayetoka sare kwa mitatu anajua kucheza. Wa mitano mtaani atasumbua watu wengi. Anayeushinda kwa minane, siku mbaya na nzuri, hana haja ya kulipa masomo yangu.

Kwenye meza ya sarafu mtihani huu una uzuri wake. Shilingi 20 inakupa mipira 15, yaani raundi tano za mipira mitatu ukifaulu zote. Ukikosa, iliyobaki mezani unaitawanya tena, kwa hiyo mchezaji mbovu hupata raundi nyingi kwa sarafu moja. Sijaona faida nyingine ya ubovu. Nenda mchana wa katikati ya wiki, mwenye baa atakuwa amesinzia na hakuna atakayekuhimiza.

Marekani wana mifumo ya kudumu ya kazi hii. Ule unaoitwa FargoRate hauangalii mapigo kabisa, unahesabu michezo mliyoshinda na kushindwa tu: tofauti ya pointi 100 maana yake mwenye nyingi hushinda michezo miwili kwa kila mmoja wa mwenzake, na ya 200 ni minne kwa mmoja. Hesabu yako huaminika ukifikisha michezo kama 200. Unaweza kuiga hilo kwa daftari la shilingi 30, lakini kuna mtego. Kama nyinyi sita mnacheza wenyewe kwa wenyewe mwaka mzima, mtajua nani ni bora kati yenu na hamtajua lolote lingine, kama watu wanaopimana urefu wakiwa ndani ya shimo. Ni lazima mmoja atoke. Panda matatu, nenda Githurai, nenda Rongai, fungwa, urudi na namba. Ligi za APA, chama cha wachezaji wa pool cha huko huko, zinampa mchezaji wa mipira minane ngazi kuanzia 2 hadi 7, na hutazama zamu alizotumia kushinda, wakiondoa zile alizojificha makusudi. Hilo nalo naliiga: nikiona mtu ameshinda, nauliza ametumia zamu ngapi.

Turudi kwa Profesa. Nilimaliza kukaza kitambaa, nikasugua vumbi, nikamwambia aweke sarafu tucheze na mzimu, mipira mitatu, raundi kumi. Ya kwanza na ya pili alishinda kwa mbwembwe. Ya tatu alipiga kwa nguvu zisizohitajika, mweupe ukagonga kingo tatu na kusimama nyuma ya mpira wa mwisho. Kufikia raundi ya kumi alikuwa na nne, mzimu sita.

"Hiki kitambaa kipya kinakimbia sana," akasema. "Na hii kona ya huku inavuta."

Kitambaa kipya hukimbia kweli, nikamkubalia hilo. Kuhusu kona nilitoa pimamaji mfukoni nikailaza pale pale alipoonyesha, kwanza urefu, kisha upana. Akainama kuangalia. Kiputo kilikuwa katikati ya mistari miwili, kimetulia.

Alikitazama kwa muda. Kisha akapapasa mfukoni akitafuta shilingi 20 nyingine.