Kengele ya mlangoni haimjui mwizi

Wengi Mombasa huamini kwamba milingoti ya mlangoni mwa supamaketi ikilia, mnunuzi ameiba. Ndiyo maana mtu hutahayari mbele ya bawabu, risiti mkononi, macho yote kwake. Kumbe milingoti hiyo haisomi risiti wala haitambui aliyelipa. Hutoa mawimbi, aghalabu ya megahezi 8.2 au kilohezi 58, na kibandiko kilichofichwa kwenye bidhaa huyaitikia. Keshia akisahau kukizima, au kung'oa kile kigumu cha nguo, kengele hulia tu. Hata kibandiko cha duka jingine kilichosahaulika mkobani chaweza kuiliza. Omba vitu vipitishwe kimoja kimoja, na mkoba peke yake, kinacholiza kitajulikana. Na kimya nacho si ushahidi: bidhaa nyingi hazina kibandiko kabisa.