Besi fupi haibebe B? Hii maneno nimechoka nayo

Juzi tena. Kijana mmoja mpiga besi wa korali ya huku Katuba, Lubumbashi, ameingia kwa atelie yangu ya kutengeneza gitare za besi, akaona besi ya kamba sita iko juu ya meza, diapazoni (urefu wa kamba ile inayotetemeka) inchi 30, akaishika kamba ya B, ile nene ya sauti ya chini kabisa, na kidole gumba, akaivuta juu vile, akaniangalia na huruma: "Papa, hii B yako itakuwa sawa kamba ya kuanikia nguo. Besi fupi haibebe B." Na kamba yenyewe nilikuwa nimeipitisha tu kwa mekaniki, kile cha kuzungusha ili kukaza kamba, bado sijapanga sauti! Iko pale inaning'inia, mtu tayari amehukumu.

Hii maneno naisikia kila wiki. Watu wa kanisa, wapiga rumba wa Kamalondo, wale wananipigia simu toka Likasi na Kolwezi, wote waliisikia kwa mtu mwingine, na ukiwauliza ulishika besi fupi ya kamba tano ao sita siku gani, hakuna jibu. Kwa hiyo leo naandika yote mara moja, na mtu akiniuliza nitamtumia hii.

Kuna ukweli kidogo ndani, njo maana haiishi. Chukua kamba ya unene wa inchi .130, uiweke kwa besi ya kawaida ya inchi 34, upange B ya chini, ile ya hertz 31. Inavuta kama kilo 15 na kitu. Toa kamba ileile, uipeleke kwa inchi 30, upange B ileile, sasa inavuta kama kilo 12. Juu mvuto unafuata urefu mara urefu: 30 gawanya kwa 34, jibu uzidishe kwa lenyewe, unapata 0.78. Umepoteza 22 kwa mia. Hapo njo watu wote wanasimama, wanapiga makofi, "umeona, inalegea". Lakini kwa nini unasimama katikati ya hesabu? Diapazoni ni kitu kimoja kati ya vitatu: kuna urefu, kuna sauti unayotaka, na kuna uzito wa kamba. Sauti haibadilike, urefu umeupunguza, basi uzito njo unapandisha. Kurudisha mvuto wote ule uliopotea unahitaji kamba nene zaidi kama 13 kwa mia, maana yake .130 inaenda karibu .147, na kamba ya E ya .105 inaenda karibu .119. Kamba za .145 zinatengenezwa, siyo ndoto.

Ila mi siweki .147, na hapa njo kazi ya fundi inaanza. Kamba fupi na nene sana inaacha kuwa kamba, inaanza kuwa nondo ya kujengea nyumba. Haipindike vizuri pale kwa shevale (kile chuma cha chini kinachoshika kamba) na pale kwa siye (kale kapande ka juu karibu na kichwa, kamba zinapopita), sauti zake za juu zinapanda kidogo kidogo kuliko inavyotakiwa, unapiga B peke yake unasikia kama chuma kimeanguka, tena ukipiga freti ya 12 (freti ni vile vyuma vya kukatisha shingo) haikubaliane na kamba wazi ata ukisukuma kiti cha shevale mpaka mwisho. Kwa hiyo naenda katikati, .135 mpaka .140, na nataka ile ambayo waya wa ndani ni mwembamba na ambayo inapita juu ya shevale ikiwa uchi, bila zile tabaka zote za kuzungushia, juu pale inapindika kwa urahisi na inaimba. Shevale naiweka na nafasi ya kurudi nyuma ya kutosha upande wa B, milimetri kadhaa kuliko upande wa C, ile kamba nyembamba ya juu. Hiyo nafasi haionekani kwa picha, lakini bila hiyo besi yako haitakubaliana yenyewe kwa yenyewe maisha yote.

Sasa wale walioshika besi fupi kweli na B ilikuwa mbaya, mara mingi nikiangalia nakuta nini? Seti ya inchi 34 iliyokatwa na koleo. Kamba ya besi inakuwa na sehemu nene, halafu mwisho inapungua pale kwa nyuzi za rangi, ile sehemu nyembamba njo inapaswa kuzunguka mekaniki. Ukiiweka kwa besi fupi, sehemu nene yote inapita siye na inaenda kuzungushwa kwa mekaniki, inakataa kupinda, tabaka la nje linaachana na waya wa ndani, kamba inakufa siku ya kwanza. Halafu mtu anasema ni diapazoni! Na kama huna njia ingine ila kukata, kwanza pinda kamba kwa pembe kabisa, digrii 90, mbele ya pale utakata, njo ukate. Ukikata imenyooka tabaka zinateleza ndani na umeharibu dola zako.

Ingine ni mkono. Kamba yenye mvuto mdogo inapepea sana, ukiipiga kwa nguvu ya mtu anayepiga bila ampli itagonga freti. Punguza mkono, sogea kidogo kuelekea shevale, acha ampli ifanye kazi. Na ampli yenyewe: bafle (sanduku za spika) nyingi za kanisa hazitoi ile hertz 31 ata kidogo, zinaanza kuzimika kwenye 50 ao 60, kwa hiyo ile unayoita B unaisikia kwa 62 na 93, sauti zake za juu, sikio lako njo linajaza kilichobaki. Nimeshaletewa besi "B yake haisikike", nimeichomeka kwa bafle yangu ya inchi 15, B ikatoka nzima. Gitare haikuwa na shida, bafle njo ilikuwa na shida.

Kwa hiyo shauri langu, na hili silibadilishi kwa mtu yeyote: kamba kwanza, mbao baadaye. Usije kwangu na picha ya mbao nzuri. Njoo uniambie kamba gani utaweza kupata leo na utaweza kupata tena mwaka kesho, juu hapa Lubumbashi seti ya kamba sita ya diapazoni fupi huikute kwa duka la kona, unaagiza, unangoja, na mara mingine unanunua kamba moja moja. Nataka seti tatu mkononi mbele sijashika msumeno. Mbili ni zako, moja napimia: toka ile pete ya shaba ya mwisho mpaka pale nyuzi za rangi zinaanzia, na hiyo namba njo inaniambia shevale ikae wapi, kama kamba zitapita nyuma ya mwili ao zitafungwa juu, na mekaniki ya B ikae umbali gani na siye. Mara moja nilikubali kuanza bila kamba, kliya (mteja) alikuwa na haraka, seti ikafika besi imeshapakwa vernisi, sehemu nene ya B ikapita siye kwa sentimetri nne. Nilitoboa upya na nikatengeneza siye ingine, wiki mbili za kazi ambayo hakuna mtu aliilipa. Toka siku ile, kamba kwanza.

Na bado nakubali kitu kimoja: B ya inchi 30 siyo sawasawa na B ya inchi 34. Ni ya mviringo zaidi, inaimba kuliko inavyonguruma. Ukitaka ile ngurumo lakini mkono wako unataka ufupi, nafanya freti za kufungua kama feni, B inakuwa na inchi 33 na C inabaki 30. Ao jiulize kama B unaihitaji. Wapiga sebene (ile sehemu ya rumba ya kuchezesha watu) wawili watatu niliowatengenezea walichagua kamba za E mpaka F, bila B kabisa, na kamba mbili za juu kwa diapazoni fupi ni tamu sana, vidole vinapanda bila kuumia. Hii siyo mambo ya kuvunja sheria, kiwanda cha Fender kilitoa besi ya kamba tano yenye C ya juu bila B mwaka 1965.

"Ni ya kadogo, ni ya watoto." Besi ya Höfner ya Paul McCartney wa Beatles ni inchi 30. Jack Bruce alipiga Gibson EB-3, nayo ni fupi. Stanley Clarke na Alembic zake, fupi. Fender Bass VI ya 1961 ilikuwa na kamba sita juu ya inchi 30. Hapo sina mengine ya kuongeza.

Ila huyohuyo anayesema ni ya kadogo njo anakuja tena: "Basi punguza bei, mbao ni kidogo." Hii inaniumiza juu inaonyesha mtu hajui analipa nini. Toka inchi 34 mpaka 30 nimeokoa sentimetri kumi tu za urefu. Kumi! Freti ni zilezile 24, naziweka moja moja, nazisawazisha moja moja. Mekaniki ni sita. Mikro (zile za kushika sauti ya kamba) sikute tayari za upana ule wa kamba, naagiza kwa vipimo, na zinakuja na bei yake. Shevale vilevile. Kama kuna kitu, besi fupi ya kamba sita inanichukua muda mwingi kuliko ya inchi 34 ya kamba nne, ambayo kila kipande chake kinapatikana.

"Nina mkono mdogo, nipe fupi ya sita, itakuwa rahisi." Nusu ni kweli. Toka freti ya kwanza mpaka ya nne, kwa inchi 34 unanyoosha vidole karibu sentimetri 13, kwa inchi 30 ni 11 na nusu, mkono unasikia hiyo tofauti mara moja. Lakini upana? Kamba sita, siye inaenda kwa milimetri 54 hivi, na hiyo diapazoni haiipunguze ata kidogo. Mama mmoja mpiga besi wa kanisa alikuja anataka sita, nikamkatia kipande cha mbao cha upana ule na unene ule, nikamwambia ukae nacho nyumbani wiki moja, ukiangalia televisheni ukishike. Akarudi akaomba tano. Anaipiga mpaka leo, na mkono haumuumi.

Preampli ya betri, kile kifaa cha ndani ya besi cha kuongeza sauti, haitatui kamba mbaya. Inapandisha kile kipo.

Kuhusu mbao nitasema kifupi juu watu wanapigana. Kila mtu hapa anataka mukula juu ni nyekundu na ni ya kwetu, wengine wanataka wenge. Wenge naipenda kwa manshi (shingo ya besi) juu ni ngumu na inanyooka, mukula ni nzito, kwa mwili wa kamba sita mgongo wako utalia mbele ibada haijaisha. Sauti ya besi ya umeme inatoka kwanza kwa kamba, mkono, na pale mikro imekaa. Mbao mi naiuliza vitu viwili tu: umekauka? una kilo ngapi? Mbao ya soko la makala hapa imekauka nje, ndani bado ina maji. Na kama unataka kuvuka mpaka wa Kasumbalesa kwenda Zambia na besi ya mukula, ujue miti yote ya jamii ya Pterocarpus ya Afrika, mukula ndani yake, iliwekwa kwa orodha ya CITES (mkataba wa dunia wa biashara ya miti na wanyama wanaolindwa) mwaka 2022, kwa hiyo uliza habari ya karatasi kabla ya safari, usiulize ukiwa mpakani.

"Nimekupa avanse, tutaonana mwezi ujao." Hapana ndugu yangu. Mi natumia miezi mitano mpaka saba, na katika hiyo kuna wiki ambazo manshi imefungwa kwa ukuta, imeshakatwa nusu, inangojewa tu, nione kama itapinda. Fundi anayekuahidi besi ya kamba sita kwa wiki tatu, hiyo manshi itapinda ikiwa kwako. Avanse, ile pesa ya kwanza, inanunua kamba, mikro, shevale na mekaniki, njo maana nikishaagiza siwezi kuirudisha. Tunaandika karatasi, wote wawili tunatia sahihi: diapazoni, nafasi kati ya kamba kwa shevale, uzito usiopita kilo ngapi, siku ya kuja kuona mwili bado haujatobolewa. Siku ile njo ya kubadilisha mawazo. Nikishachimba fasi ya mikro, imeisha. Pia nakata umbo la besi kwa karatoni, ukubwa wa kweli, unaliweka kwa paja ukiwa umekaa, tunaangalia pembe ya juu inafika wapi. Kifungo cha mkanda kikifika usawa wa freti ya 12, kichwa hakitashuka. Kikibaki nyuma, na mekaniki sita kule mwisho, mkono wako wa kushoto utakuwa unabeba gitare badala ya kuipiga.

Na ile simu ya mwezi wa nane: "Papa, ulinidanganya, manshi imepinda." Hapa kwetu toka mwezi wa tano mvua imekatika, hewa imekauka mpaka midomo inapasuka, na mbao nayo inatoa maji yake, kamba zinashuka karibu na freti, zinaanza kulia. Mwezi wa kumi na moja mvua imerudi, inakuwa kinyume. Besi yote ya mbao inafanya hivyo, ya bei yoyote, na kwa kamba yenye mvuto mdogo unaisikia mapema zaidi. Ufunguo wa kupanga ile chuma ya ndani ya manshi uko kwa mfuko wa mbele wa kifuko chako, nimeufunga na kitambaa chekundu. Robo ya mzunguko, siyo zaidi, halafu uiache ilale usiku, asubuhi upange sauti upya njo uangalie. Ikiwa bado inalia, leta, naipanga bure mwaka wa kwanza.