Mjane wa Warsaw na hicho "kipengele cha vita" mnachokitaja kila siku

Jamani nimechoka. Wiki iliyopita kwenye grupu la wasap la chama chetu cha kufa na kuzikana (tuko huku Marekani, mji siutaji) tulikuwa tunapitia rasimu ya katiba, mjumbe mmoja akaandika kwa herufi kubwa kwamba tuweke kabisa kifungu cha kutolipa vifo vya vita, kwa sababu eti vyama vya bima vya wahamiaji wa Kipolandi na Kislovaki vilifilisika Vita ya Kwanza ya Dunia baada ya vijana wao kuisha mahandakini. Kaka huyo ni mkubwa kwangu, namheshimu, na kila akisema hivyo watu wanamiminia dole gumba. Hii ni mara ya nne nasikia hadithi hiyo hiyo, na mimi ni mtakwimu bima, kazi yangu mchana kutwa ni kupiga hesabu za akiba na vifo, alafu jioni napenda kusoma mambo ya hivi vyama vya zamani. Kwaiyo naandika mara moja, nikiulizwa tena natuma linki.

Havikufilisika. Polish National Alliance, chama cha Wapolandi, ilianzishwa Philadelphia mwaka 1880, ikahamia Chicago, ipo mpaka leo. Jednota ya Waslovaki Wakatoliki, Cleveland 1890, ipo. Chama cha Waslovenia cha Chicago cha mwaka 1904, kipo. Wakroatia wa Pittsburgh walioanza 1894 waliungana na wenzao 1926 wakabadilisha jina, nao wapo. Sasa hivyo vilivyofilisika ni vyama gani?

Na hizo risasi zenyewe. Marekani iliingia vitani Aprili 1917 na ikapoteza wanajeshi 116,500 hivi, na zaidi ya nusu yao hawakuuawa na adui, walikufa kwa magonjwa, hasa lile janga la mafua makali la 1918. Mafua hayo hayo yaliua watu kama 675,000 nchi nzima. Kwaiyo hata kabla ya kufungua daftari la chama chochote, mtu wa hesabu anajua tatizo haliko mahandakini. Alafu kumbuka kijana wa Kislovaki aliyeandikishwa jeshini alikuwa anatoka wapi: mgodi wa makaa ya mawe Pennsylvania au tanuri la chuma. Migodi ya makaa ya Marekani ilikuwa inaua zaidi ya watu 2,000 kila mwaka bila vita yoyote. Chama kilikuwa kinamlipia mtu wa namna hiyo siku zote.

Sasa kuna wale wa "walikuwa wanachangishana tu, hakuna hesabu". Hapo mnaongelea miaka ya 1870. Ndiyo, chama cha Ancient Order of United Workmen kilipoanza Meadville, Pennsylvania, mwaka 1868, mtindo ulikuwa mwenzenu akifa kila mtu anatoa dola 1. Mtindo mtamu sana wote mkiwa vijana. Mkizeeka vifo vinaongezeka, mchango unapanda, vijana wanaona wanalipia wazee wanakimbia, mnabaki wazee watupu mnazikana. Ndo maana mwaka 1898 shirikisho la vyama hivi, National Fraternal Congress, likatoa jedwali lake la vifo (linaonyesha kwa kila umri wanakufa wangapi kwa mwaka), na 1910 wasimamizi wa bima walikubaliana na vyama kule Mobile, Alabama, juu ya sheria ya mfano ya kuvisukuma vipige hesabu za akiba kama watu wazima. Vita ikavikuta vingi katikati ya safari hiyo, mguu mmoja kwenye michango ya zamani, mguu mwingine kwenye akiba. Vitabu vya kozi vinaisimulia kama vile mtu kabadilisha shati. Na jedwali lenyewe halikutengenezwa kwa ajili ya mchimba makaa, kwaiyo hata aliyelitumia kwa uaminifu kabisa alikuwa anabahatisha kidogo. Mimi nikipewa kazi hiyo leo ningeongeza asilimia kadhaa kichwani mwangu alafu ningeandika "kwa maoni ya kitaalamu". Ndivyo tunavyofanya, msinitaje.

Kuhusu wanajeshi nitaenda haraka maana siyo penye utamu. Vyama vingine viliweka masharti kwenye vifo vya vitani, vingine vililipa kama kawaida, na vingi vilimsamehe mwanajeshi ada yake au tawi likamlipia ili cheti chake, yani mkataba wake wa bima, kisife akiwa Ufaransa. Msamaha huo haukuwa wa bure, waliobaki kiwandani ndo waliubeba. Serikali nayo Oktoba 1917 ilianzisha bima yake kwa wanajeshi, kuanzia dola 1,000 mpaka 10,000, na kijana wa miaka 20 na kitu alikatwa kama senti 65 kwa mwezi kwa kila dola 1,000. Bei ya wakati wa amani hiyo, hatari ya vita ilibebwa na serikali yenyewe. Akifa, familia hailipwi kwa mkupuo, inapata kidogo kidogo miezi 240, ukichukua ile ya juu kabisa ni dola 57 na nusu kila mwezi. Kwaiyo mzigo mkubwa wa familia ya mwanajeshi ulikuwa umebebwa na serikali, siyo na chama. Isipokuwa Wapolandi, ambao zaidi ya 20,000 kati yao walijitolea kwenye jeshi la Kipolandi lililopigana Ufaransa, lile la sare za bluu, wakifundishwa kambini Niagara-on-the-Lake kule Kanada. Hao hawakuwa wanajeshi wa Marekani. Bima ya serikali hawakuipata, na kama mmoja wao alikuwa na bima ni ile ya chama chake. Ukienda Niagara-on-the-Lake utakuta makaburi yao zaidi ya 20. Hawakufika hata baharini, wengi wao ni mafua yale yale.

Basi tuje kwenye mafua. Chukua chama cha kubuni, wanachama 10,000, wote wana miaka 30, cheti dola 1,000. Jedwali la makampuni ya Marekani la enzi hizo lilisema mtu wa miaka 30 hufa kwa kiwango cha 8.43 kwa kila 1,000 kwa mwaka, yani vifo 84, saba kwa mwezi. Kila mwanachama anachangia senti 70 kwa mwezi, mambo yanaenda. Sasa ingiza Oktoba 1918, ugonjwa unaochagua watu wa miaka 20 mpaka 40, ambao ndo hasa chama cha wahamiaji kimejaa. Ukipata vifo 50 mwezi huo (namba yangu ya mfano hiyo, msije mkaninukuu), unadaiwa dola 50,000 na mkononi una 7,000. Na hapo hatujagusa fedha za ugonjwa, maana vyama hivi vililipa pia mtu akiugua, kwa wiki, na wote wameugua wiki moja.

Kilichowaokoa ni kitu ambacho kampuni ya bima ya kawaida haina: mkataba wa wazi. Cheti cha chama kilikuwa kinakwenda na katiba, na katiba inaweza kubadilishwa na mkutano mkuu, na hela ikipungua wanachama wanatozwa mchango wa ziada. Ukisoma kwa jicho la mteja ni kitisho. Ukisoma kwa jicho langu ni akiba ya pili iliyokaa mifukoni mwa watu. Swali ambalo sijawahi kupata amani nalo ni je, tuihesabu? Maana mchango wa ziada unafanya kazi kama watu wanabaki, na watu hawasemi mapema kama watabaki.

Alafu kuna jambo dogo ambalo mtu wa ofisini halimjii. Ada ilikuwa inalipwa mkutanoni. Unakwenda ukumbini Jumapili na kijitabu chako, mweka hazina anapokea, anaandika, anagonga mhuri. Oktoba hiyo miji kibao ilipiga marufuku mikusanyiko na kubana mazishi ya hadhara. Kwaiyo vifo vinapanda na mlango wa kuingizia hela umefungwa kwa amri ya afya, na lile jambo ambalo watu walijiungia, kuzikwa na wenzako wamekusindikiza na bendera, halipo. Ninayo mezani beji moja ya utepe, nilinunua dola 12 kwenye gulio la vitu vya kale. Upande mmoja ni mwekundu na mweupe na nyuzi za dhahabu, wa maandamano. Ukiugeuza ni mweusi na maandishi ya fedha, wa msiba. Huu wa kwangu, tundu za pini zimejaa upande mweusi.

Sasa lile linaloniudhi hasa. Mnabishana kama kifo cha vita kinalipwa au hakilipwi, na hakuna hata mmoja anayeuliza kinalipwa kwa NANI. Wanaume hawa walikuja peke yao, mke na wazazi wamebaki kijijini Ulaya. Cheti kimeandikwa mnufaika: mke wangu, kijiji fulani karibu na Warsaw. Mume kaangukiwa na jabali mgodini Februari 1918. Kifo hakina utata, siyo cha vita, ada imelipwa, chama kinataka kulipa. Na hakiwezi.

Kwa sababu Oktoba 1917 ilipita sheria ya kuzuia biashara na adui, na sheria ile ilimtambua "adui" kwa mahali anapoishi. Haikuuliza kabila wala pasipoti. Anayeishi kwenye ardhi ya nchi iliyo vitani na Marekani ni adui, *pamoja na ardhi iliyokaliwa na majeshi ya nchi hiyo*. Rudieni hapo kwenye kukaliwa. Warsaw ilikuwa ya Urusi, lakini Wajerumani waliichukua Agosti 1915. Kwaiyo mjane yule, Mpolandi, raia wa Urusi iliyokuwa upande wa Marekani, amekaliwa na Wajerumani nyumbani kwake bila kuulizwa, mbele ya sheria ni adui. Na Mjerumani kabisa, kazaliwa Berlin, ana duka lake la nyama Chicago na anakaa hapo, siyo adui kwa sheria hiyo. Nikiwaambia watu wanadhani nimekosea kusoma. Sijakosea.

Na Wapolandi walikuwa wametoka pande tatu. Tawi moja, ukumbi mmoja, huyu wa Poznań chini ya Ujerumani, huyu wa Kraków chini ya Austria, huyu wa Warsaw chini ya Urusi. Katibu wa tawi, ambaye mchana ni fundi viatu, ndo anatakiwa ajue kwamba mnufaika wa Kraków alikuwa "mshirika wa adui" mpaka tarehe 7 Desemba 1917, siku Marekani ilipotangaza vita na Austria-Hungaria, na kuanzia hapo ni adui kamili. Hela ya watu hao ilitakiwa iripotiwe na iwe tayari kukabidhiwa kwa msimamizi wa mali za maadui aliyeteuliwa na serikali, A. Mitchell Palmer. Mwenye hekima alikuwa anabadilisha mnufaika mapema, anamwandika kaka yake wa Detroit. Hapo sasa unamtegemea kaka wa Detroit.

Na nawaomba msikimbilie kusema mjane aliibiwa, maana hata hapo pamekaa vibaya kwa wanaopenda hadithi nyepesi. Cheti kilikuwa cha dola. Kabla ya vita dola 1 ilikuwa kama kroni 5 za Austria, mwaka 1922 ilifika kama kroni 70,000. Upande wa Poland, 1924 walipoleta zloty walibadilisha marki milioni 1.8 kwa zloty moja. Aliyelipwa mapema akaweka kroni zake benki, kaishia na karatasi za kuwashia moto. Aliyecheleweshewa dola zake zikakaa Washington (1923 ilipita sheria ya kurudisha mali mpaka kiwango cha dola 10,000) alipata kitu ambacho bado ni hela, kama alikuwa hajafa kwa njaa akisubiri. Mimi nikitakiwa kusema ni yupi alitendewa haki zaidi, nashindwa, na nimejaribu hesabu zake zaidi ya mara moja.

Hati za mkopo wa vita za serikali (unaikopesha serikali hela ya vita) nazo zipo, vyama vilizinunua kwa uzalendo na kwa woga, 1920 bei ya baadhi ikashuka chini ya dola 90 kwa hati ya dola 100. Zilipanda baadae. Tusonge.

Kwaiyo kwenye grupu nikaandika: kaka, kifungu chako cha vita kiweke au kiache, hakitatusumbua sana, ila angalieni fomu yetu. Sehemu ya mnufaika ina mstari mmoja. Jina, basi. Kuna mama mmoja wa Goma kwenye chama chetu, mnufaika wake ni mama yake mzazi aliye huko huko Goma. Mnakumbuka waasi wa M23 walipoingia Januari 2025 benki zote zikafungwa? Huyo mama tungemlipaje? Grupu likawa kimya, hata dole gumba hakuna. Nikapendekeza mistari mitatu: mnufaika, mnufaika wa pili aliye nchi nyingine, na njia ya kupokelea hela, na kila Januari katibu anauliza upya.

Yule mama akajibu usiku saa tano: "Basi andika dada yangu wa Kampala. Yeye atajua namna ya kuifikisha."