Je, wajua kwa nini bosi hajibu barua pepe yako?

Mwezi wa Julai, wageni wanapofurika Arusha, meneja wa kampuni ya utalii husomea barua pepe kwenye simu, pengine akisubiri ndege pale KIA. Kwenye orodha anaona vitu vitatu tu: jina lako, kichwa, na maneno machache ya mwanzo. Hapo hapo anaamua: aifungue sasa au baadaye. Na "baadaye" ya Julai ni Novemba, mvua za vuli zikianza.

Sasa tazama tunavyoandika. Kichwa: "Habari". Kisha: "Shikamoo mkuu, pole na majukumu, ni matumaini yangu u mzima wa afya na unaendelea vyema na ujenzi wa taifa..." Salamu ni adabu, na simshauri mtu aiache. Ila salamu hiyo ndiyo imekalia kioo chote. Ombi lenyewe liko aya ya tatu, huko chini asikofika.

Cha kushangaza, dawa tulipewa shuleni. Barua rasmi ina YAH:, kwa herufi kubwa, imepigiwa mstari. Barua pepe nayo ina yake: mwaka 1973, ulipopendekezwa mpangilio wa barua za mtandao wa ARPANET, mtangulizi wa intaneti, huko Marekani, vilitajwa mwandishi, tarehe na kichwa. Kichwa hicho ndicho YAH yetu. Tumehamia kwenye simu tukaisahau mezani.

Chukua mwanachuo wa Moshi anayetafuta nafasi. Kichwa "Maombi" hakimwambii mtu kitu. Kila anayeandika anaomba. Aweke hivi: "Ombi la mafunzo kwa vitendo, Agosti 4 hadi 29". Ndani:

"Shikamoo. Nasoma utalii Moshi, mwaka wa pili. Naomba kufanya mafunzo kwenye kitengo cha kupokea wageni. Barua ya chuo nimeambatisha. Nije kukuona Jumatano au Alhamisi, saa 3 asubuhi?"

Shikamoo imebaki, neno moja. Na swali la mwisho linajibika kwa kidole gumba: "Alhamisi." Mlinganishe na anayeandika "naomba ushauri wako kuhusu fani ya utalii". Huyo anaomba insha, na bosi hana muda wa insha.

(Ukimwandikia mgeni kwa Kiingereza, saa 3 yetu iandike 9:00. Vinginevyo atakuja saa tisa alasiri, na kosa si lake.)

Usiipeleke kwa watu watano kwa mpigo. Kila mmoja atadhani mwenzake ameshajibu.

Kimya kikizidi wiki, usianze barua mpya. Jibu juu ya ile ile, ili ombi la kwanza liwe chini yake: "Shikamoo tena. Alhamisi ilipita, je, Jumatano ijayo?" Ikishindikana hata hiyo, panda gari uende ukabishe hodi, barua ya chuo mkononi.