Presha haingoji ulazwe

"SHA ni ya kulazwa." Neno hili kuhusu SHA, bima ya afya ya umma ya Kenya, nalisikia kliniki kila wiki, kutoka kwa watu wa Likoni hadi wa Bamburi, na limenichosha. Juzi bimkubwa mmoja wa Kisauni alifungua pindo la leso yake akanionyesha vidonge viwili vya presha. Alikuwa akimeza kimoja kila baada ya siku tatu ili visimwishie. Nikampima: 190 kwa 110, juu mno. Mbona huendi zahanati, mama? "Mwanangu, bima sijalipa. Na kadi yenyewe si mpaka ulazwe?"

La, si hivyo. SHA ilipochukua nafasi ya NHIF, bima ya zamani, Oktoba 1, 2024, ilikuja na mifuko mitatu ya fedha. Ule wa afya ya msingi hugharamiwa na serikali. Ukishajisajili, zahanati na kituo cha afya ni haki yako: kuonwa, kupimwa na kupewa dawa bila malipo, hata kama hujachanga. Kuna siku dawa huwa zimekwisha, nalo hunikera mno, lakini bora urudi kuuliza kuliko kupunja dozi. Presha haiumi. Huila figo kimya kimya, kisha mgonjwa anasafishwa damu kwa mashine mara mbili au tatu kwa wiki, kila kikao Sh10,650. Mimi ningeulizwa bima ya umma ilipe nini kwanza, ningesema kidonge cha presha na cha sukari, kisikosekane hata siku moja.

"Nimejisajili, basi nimemaliza." Hujamaliza. Kulazwa hospitali kubwa kama Makadara au kujifungua kwa upasuaji kunataka mchango: asilimia 2.75 ya mshahara, na kwa dereva wa tuktuk au muuza mahamri, malipo ya mwaka yaliyokadiriwa kwa hali yake, yasiyopungua Sh300 kwa mwezi. Anayengoja uchungu uanze ndipo alipe anajitafutia taabu.

"Bila bima hutapokewa hata ukipata ajali." Si kweli. Ibara ya 43 ya Katiba inakataza kumnyima mtu yeyote matibabu ya dharura.

Basi chukua kitambulisho, ujisajili kwa *147#, kisha uende zahanati ya mtaani kwako hata kama hujisikii vibaya. Kahawa tungu iache nusu saa kabla ya kupimwa. Ukifika, keti dakika tano, mgongo uegemee kiti, mkono juu ya meza, na usizungumze. Muuguzi akikupima umesimama mlangoni, mwambie arudie.